Wa Kwanza Kufika Chuo Kikuu Amshike Mkono Anayefuata

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, huwa kuna nyumba kule Ganze, Magarini au Kaloleni inayopiga vigelegele. Binti wa nyumba hiyo amepata B-. Majirani wanakuja kumpongeza, chai inapikwa, na mwalimu mkuu anapiga simu. Jioni wageni wakishaondoka, swali moja linabaki: sasa inakuwaje? Baba hakusoma kupita darasa la nane. Mama hakumaliza msingi. Kaka mkubwa anaendesha bodaboda Mariakani. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kujaza fomu ya kuomba nafasi chuoni, na hakuna anayejua ifunguliwe wapi wala lini.

Katika miaka ya karibuni matokeo yamekuwa yakitoka Januari, na vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wapya mwezi wa Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi saba au minane. Ni katika kipindi hicho vijana wengi wenye alama nzuri hupotea njiani. Mmoja anaenda Mtwapa kutafuta kibarua cha muda na harudi. Mwingine anaposwa. Mwingine anajaza kozi asiyoijua kwa sababu mhudumu wa saiba alimwambia ina soko. Alama zao zilitosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaelekeza.

Makala haya yanaeleza kazi ambayo mtu huyo anaweza kuifanya, na kwa nini mara nyingi anayefaa zaidi ni kijana wa kaunti hii anayesomea shahada ya uzamili au uzamifu, ambaye yeye pia alikuwa wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu.

Wa kwanza ni nani?

Mwanafunzi wa kwanza katika familia ni yule ambaye wazazi wake hawakusoma chuo kikuu. Hali hii haina aibu, lakini ina gharama. Katika familia ambamo mama ni mwalimu na mjomba ni daktari, mtoto husikia habari za chuo tangu utotoni. Anajua kuwa karo na pesa za matumizi ni vitu viwili tofauti, kwamba vyumba vya malazi hujaa mapema, na kwamba mhadhiri anaweza kuulizwa swali ofisini kwake. Hakuna aliyeketi kumfundisha. Aliyasikia mezani wakati wa kula.

Mtoto wa mkulima wa Bamba au mvuvi wa Ngomeni hayasikii hayo. Akifika chuoni anaona wenzake wanajua mambo ambayo yeye hajawahi kuambiwa, na anadhani wamemzidi akili. Wengine hunyamaza kwa kuona haya. Anayenyamaza huachwa nyuma, kisha watu wakasema hakuwa na uwezo.

Msaada wa mtu mmoja aliyeuliza swali kwa wakati unaofaa unaweza kubadili maisha. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alizaliwa kijijini Nyeri wakati wasichana wengi hawakupelekwa shule. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akakubali. Mwaka 1971 Wangari alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Kwa nini mwanafunzi wa uzamili au uzamifu

Unasihi ni kazi ya kumshika mkono mtu aliye nyuma kidogo katika njia ambayo wewe umeshaipita. Mnasihi hatoi karo na hampangii mtu maisha. Anaeleza, anasikiliza, anakumbusha tarehe, na anamjulisha mwanafunzi kwa watu wanaoweza kumsaidia.

Walimu wa sekondari hufanya sehemu ya kazi hii, lakini mwalimu mmoja wa ushauri nasaha anaweza kuwa na wanafunzi mamia, na wengi wao humaliza kidato cha nne na kuondoka kabla maswali ya chuo hayajaanza. Wataalamu waliokwisha kufika mbali nao wana nia njema, ila wengi waliingia chuoni kabla ya maombi ya mtandaoni, wakati nafasi ziligawiwa kwa utaratibu mwingine kabisa.

Mwanafunzi wa uzamili yuko katikati. Amemaliza shahada ya kwanza majuzi. Mkopo wa HELB ameujaza kwa mkono wake mwenyewe. Anakumbuka wiki ya kwanza ilivyokuwa, alipolala na njaa kwa sababu pesa za matumizi zilichelewa. Bado yuko chuoni, kwa hiyo anajua ofisi gani inafunguliwa saa ngapi. Tena anazungumza lugha ya nyumbani, na mama wa mwanafunzi anaweza kumuuliza kwa Kigiriama bila kuona haya.

Kilifi ina bahati katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, kiko mjini Kilifi na kina wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ulioanza Kilifi mwaka 1989, nao hufundisha watafiti vijana, na kwa miaka mingi umekuwa ukiwakutanisha wanasayansi na wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo watu wa kushika wengine mkono wapo hapa hapa.

Mambo ambayo mnasihi hueleza

Jambo la kwanza ni kwamba kupata nafasi na kupata pesa ni maombi mawili tofauti. Nafasi huombwa kupitia KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Pesa huombwa kando. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, mwanafunzi aliyepewa nafasi lazima aombe ufadhili na mkopo mwenyewe mtandaoni na kujibu maswali kuhusu hali ya familia yake. Aliyekaa nyumbani akisubiri aitwe atafika chuoni akiwa na barua ya nafasi bila ufadhili wowote. Mfumo huo umezua mjadala na kesi mahakamani, kwa hiyo mnasihi mwema husoma matangazo ya mwaka husika badala ya kutegemea alivyofanya yeye.

Jambo la pili ni alama. C+ ndiyo alama ya chini ya kuomba nafasi ya shahada, lakini kila kozi huangalia masomo manne mahususi. Mtu mwenye B+ kwa jumla anaweza kukosa uuguzi kwa sababu ya alama ya biolojia, huku mwenye B- akipata kozi nzuri ya kilimo kwa sababu masomo yake manne yamelingana nayo. Mnasihi huketi na mwanafunzi, wakaandika masomo hayo kwenye karatasi, wakalinganisha na alama za mwisho zilizotumika mwaka uliopita. Kazi ya saa moja namna hiyo huepusha majuto ya miaka minne.

Jambo la tatu ni kwamba kuna njia zaidi ya moja. Mwenye C- anaweza kusomea stashahada. Mwenye D anaweza kuanza na cheti cha ufundi, akapanda hadi stashahada, kisha shahada. Mnasihi asimdharau mwanafunzi aliyepata D. Pia amweleze kuwa vyuo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na kwamba fundi mzuri wa umeme ana kazi.

Jambo la nne ni makaratasi. Fomu ya mkopo huhitaji kitambulisho cha taifa, vitambulisho vya wazazi au cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, wadhamini, na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Kijana aliyetimiza miaka 18 akienda kuchukua kitambulisho mapema, ameokoa wiki nyingi. Yatima ambaye hakuwahi kupata cheti cha kifo cha mzazi aanze kukishughulikia siku hiyo hiyo, kwa kuwa huchukua muda.

Jambo la tano ni mkopo wenyewe. Wazazi wengi huuogopa, wakidhani shamba litachukuliwa. HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Sehemu ya karo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na sehemu ya matumizi humfikia mwanafunzi. Ni deni na litalipwa, kwa hiyo halifai kuchezewa. Hata hivyo, mzazi akilielewa ataamua kwa utulivu. Inafaa pia ajue kuwa pesa za matumizi huweza kuchelewa, na kwamba mwanafunzi anahitaji akiba ya chakula ya wiki za mwanzo.

Jambo la sita huanza baada ya kuripoti chuoni. Mwanafunzi aliyeugua wakati wa mtihani anaweza kuomba mtihani maalumu akiwa na barua ya hospitali. Aliyekwama kwa karo anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi. Anayetoroka kimya kimya hupoteza nafasi yake, lakini aliyeandika barua huweza kurudi. Wanafunzi wengi wa kwanza hawajui kuwa barua hiyo ipo.

Wanaosahauliwa zaidi

Kifungu cha 56 cha Katiba kinaitaka Serikali kuweka mipango ya kuwapa walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Haki hizi huwa na maana pale mtu anapojua pa kuzidai.

Mnasihi akichagua wa kumsaidia, asianze na wale wanaokuja mbele wenyewe. Aulize ni nani hayupo. Msichana aliyejifungua akiwa kidato cha tatu anaweza kurudi shule, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unaruhusu hivyo. Kijana mwenye ulemavu ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ili afikiwe na misaada yake ya elimu. Mwanafunzi anayetoka katika jamii ya wafugaji, aliyehama shule mara tatu kwa ajili ya ukame, anahitaji mtu wa kueleza historia yake kwenye fomu kwa maneno yanayoeleweka.

Wapo pia wadogo zaidi. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi huchagua mkondo wake wa sekondari ya juu akiwa bado Gredi ya 9: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uamuzi ambao zamani ulifanywa na kijana wa miaka 18 sasa unamkuta mtoto wa miaka 14 au 15. Familia isiyo na msomi itahitaji mwelekezi mapema kuliko zamani.

Mzigo wa mnasihi

Jambo hili halisemwi sana. Kijana wa kwanza kusoma katika ukoo hubeba mengi. Yeye mwenyewe ana mkopo wa shahada ya kwanza. Ndugu zake wanamtazama kama benki. Simu inalia usiku: shangazi anaumwa, mdogo wake amefukuzwa kwa karo. Wakati huo huo msimamizi wake anamuuliza sura ya tatu ya tasnifu iko wapi. Hana mzazi wa kumuuliza maana ya pendekezo la utafiti, kwani hata huku juu bado yeye ni wa kwanza.

Akiongezewa wanafunzi 20 wa kuwashika mkono, ataanguka. Uzamili kwa kawaida huchukua miaka 2 na uzamifu isiyopungua 3, lakini wengi hupitisha muda huo. Mnasihi ambaye hakumaliza masomo yake amewaonyesha wanaomfuata mlango uliofungwa. Kwa hiyo kumaliza tasnifu ni sehemu ya unasihi wake.

Yapo mambo yanayosaidia. Achukue wanafunzi wachache, watatu hadi watano, na akutane nao kwa pamoja ili wasaidiane. Apange siku na saa, na simu ya usiku iwe ya dharura tu. Asitoe pesa, kwa maana akianza kutoa, asiye na swali la masomo atakuja na swali la karo, na aliye na swali la masomo ataona haya kuja. Wanasihi wawili au watatu wa wadi moja wagawane kazi: mmoja ajue mikopo, mwingine ajue kozi za sayansi, mwingine ajue vyuo vya kiufundi. Na kila mmoja awe na mtu wake wa kumuuliza, awe mhadhiri au mwenzake aliyemtangulia.

Hatari nyingine ni hadithi ya mnasihi mwenyewe. Ni rahisi kusema, "Mimi nilitembea kilomita kumi na nikafaulu, nawe jikaze." Aliyefaulu huwaona waliofaulu wenzake, na waliotembea njia ile ile wakakwama hawapo kueleza. Mwanafunzi ambaye hajala tangu jana haambiwi ajikaze. Ataulizwa amekula nini, kisha atapelekwa kwa anayehusika. Msaada mkubwa ambao mnasihi anaweza kutoa ni kusema pia alipokosea: kozi aliyoijaza bila kuelewa, mtihani aliourudia, muhula alioupoteza kwa kuona haya kuuliza. Mwanafunzi akisikia hayo, hujua kuwa kukwama si mwisho wa safari.

Mipaka na usalama

Wengi wanaohitaji msaada hawajatimiza miaka 18, na kwa sheria ni watoto. Mikutano ifanyike mahali pa wazi: shuleni, maktaba, ukumbi wa kanisa au msikiti, au ofisi ya chifu. Mzazi au mlezi ajue mnasihi ni nani na wanakutana lini. Mnasihi asikutane na mtoto peke yake chumbani, na asimtumie ujumbe wa siri usiku. Mtoto akieleza kuwa anadhulumiwa, mnasihi asifanye uchunguzi wake mwenyewe. Apige simu ya bure ya watoto, 116, au aripoti kwa ofisi ya watoto au polisi.

Nywila ya mwanafunzi ni yake. Mnasihi huketi kando, mwanafunzi akaandika mwenyewe. Nakala za vitambulisho zisibaki kwenye simu ya mtu mwingine wala kwenye kompyuta ya saiba, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu. Na yeyote anayedai pesa ili "akusaidie kupata nafasi" ni tapeli. Nafasi za KUCCPS haziuzwi, na mnasihi wa kweli hadai ujira.

Mwisho wa yote, uamuzi ni wa mwanafunzi na familia yake. Mnasihi akipendelea ualimu na mwanafunzi akataka uvuvi wa kisasa, kazi ya mnasihi ni kumtafutia habari za kozi ya uvuvi.

Wazazi, walimu na wazee

Mzazi asiyejua kusoma bado ana kazi kubwa. Anaweza kutunza cheti cha kuzaliwa mahali pasipovuja. Anaweza kumpunguzia binti kazi za nyumbani siku ya kwenda kujaza fomu, na kukataa posa inayokuja Februari. Kuuliza si ujinga. Mzazi anaweza kumuita mnasihi nyumbani na kumuuliza kila jambo linalomtia hofu, kuanzia deni hadi usalama wa mtoto wake mjini.

Mwalimu mkuu anaweza kuweka orodha ya wanafunzi wake wa zamani walio vyuoni na kuwaalika wakati wa likizo. Mzee wa kijiji anaweza kutoa dakika kumi za baraza kutangaza tarehe za maombi. Wasimamizi wa wadi 35 za Kilifi ndio wa kuulizwa kuhusu basari ya kaunti, na ni vyema mwanafunzi aulize mapema, kwa sababu basari huwa na muda wake wa maombi na mara nyingi hutaka barua kutoka chuoni.

Kwa kijana wa uzamili anayesoma makala haya, mwanzo ni mdogo. Akirudi nyumbani likizo ijayo, aende shule aliyosoma, amuulize mwalimu ni nani amefaulu na hajajaza fomu, kisha aketi na watatu kati yao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Binti aliyepata B- yuko nyumbani, fomu iko mtandaoni, na tarehe ya mwisho haimngojei mtu.